Wasomaji wa Vitabu kwa Sauti

Wazee wetu walisema kuwa sikio halilali na njaa. Siku zote lina la kusikia, hata kama mwenyewe hakutaka. Lakini chakula cha sikio si kimoja: kuna kelele, kuna porojo, na kuna neno lililopangwa vizuri likasomwa na mtu ajuaye kusoma. Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kunena habari za watu hao wa mwisho, yaani wasomaji wa vitabu kwa sauti: jinsi walivyoanza, nani aliyewalipa, nani aliyewapiga marufuku, na kwa nini msomaji mmoja hupendwa hata watu wakamngoja kama wangojavyo mgeni, na mwingine, asomaye kitabu kile kile, huwaletea watu usingizi.

Tusidhani kuwa jambo hili ni geni kwetu. Katika pwani yetu, toka Lamu na Pate hata Unguja na Kilwa, utenzi haukutungwa usomwe kwa macho tu. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini uliandikwa ili ughanwe. Mmoja alishika karatasi, na wengine, wajuao kusoma na wasiojua, walikaa wakasikiliza. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, maneno yake hayakubaki kwa yule binti peke yake; yalinakiliwa, yakaghanwa majumbani, na wengi waliyashika kwa moyo kwa kuyasikia tu. Mghani mwema alijulikana. Alijua mahali pa kuvuta pumzi, alikitoa kina pasipo kukipigia kelele, wala hakuiacha sauti yake nzuri ikayafunika maneno ya mtungaji.

Mwaka ule ule wa 1858, mbali na pwani yetu, mwandishi Charles Dickens alisimama mbele ya watu mjini London akaanza kuvisoma vitabu vyake mwenyewe kwa malipo. Kabla ya hapo alikuwa amesoma bure kwa ajili ya sadaka. Mwaka 1853, katika mji wa Birmingham, alitaka usiku mmoja uwekwe kwa wafanyakazi, nao waingie kwa bei nafuu. Toka mwaka 1858 hata 1870 alisoma mara zaidi ya 400, katika Uingereza na katika Marekani. Alikuwa na meza ndogo, na kitabu alichokipunguza kwa kalamu yake mwenyewe; pembeni mwa kurasa alijiandikia alama za kujikumbusha mahali pa kufanya haraka, mahali pa kunong'ona, na mahali pa kuonyesha kwa mkono. Hakusoma tu, bali aliigiza. Kila mtu wa hadithi alipewa sauti yake na uso wake.

Watu walimpenda mno, lakini kazi ile ilimla. Katika miaka yake ya mwisho alizoea kusoma sehemu ya hadithi ya Oliver Twist ambamo mwanamke mmoja anauawa, na kila alipoimaliza mapigo ya moyo wake yalipanda hata daktari wake akaogopa. Alisoma mara ya mwisho mwezi wa Machi 1870, na mwezi wa Juni mwaka ule akafa. Basi hapo pana namna ya kwanza ya msomaji: yule ajitiaye mwenyewe ndani ya hadithi hata msikilizaji asiweze kumtenga msomaji na kisomwacho.

Namna ya pili haikuzaliwa katika ukumbi wenye taa nzuri; ilizaliwa kiwandani. Katika kisiwa cha Kuba watu walisokota sigara nene kwa mikono. Kazi hiyo ni ya kimya: mtu hukaa mezani, jani mkononi na kisu mbele yake, tangu asubuhi hata jioni. Mikono ina shughuli, lakini masikio hayana kazi. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wafanyakazi walikubaliana mmoja wao awasomee wakati wengine wakisokota, nao wachange katika ujira wao ili asipungukiwe. Msokotaji mmoja aliyekuwa pia mshairi, Saturnino Martínez, alikuwa ameanzisha gazeti la wafanyakazi liitwalo La Aurora, nalo likaisifu desturi hiyo na kuieneza. Muda si muda viwanda vingine vikafuata.

Wenye amri hawakuiona desturi hiyo kuwa ni mchezo. Mwaka 1866 serikali ya Wahispania iliyotawala kisiwa hicho ilitoa amri ya kukataza kuwasomea watu viwandani. Mtu aweza kuuliza, hadithi isomwayo juu ya meza ya tumbaku ina hatari gani? Hatari ilikuwa hii: mfanyakazi asiyejua herufi hata moja aliweza kuyajua yaliyomo katika magazeti na katika vitabu vya Victor Hugo, na ayajuaye hayo huanza kuuliza maswali. Lakini amri haikuifisha desturi. Vita vya Kuba vya kutafuta uhuru vilipoanza mwaka 1868, wasokotaji wengi walihamia Key West, na baadaye Tampa, katika nchi ya Florida, nao walichukua visu vyao, majani yao na wasomaji wao. Mwaka 1891 José Martí, aliyekuwa akikusanya watu kwa ajili ya uhuru wa Kuba, alifika Tampa kusema na wasokotaji hao, na alikuta watu waliokwisha kuzoea kusikiliza na kupima maneno.

Tutazame jinsi msomaji wa kiwanda alivyochaguliwa, kwa kuwa hapo pana mafundisho. Tajiri hakumleta wala hakumlipa. Aliyetaka kazi alipanda jukwaani akasoma mbele ya wafanyakazi wote, kisha wao wakapiga kura. Vitabu pia walivichagua wao. Msomaji alipowapendeza, waligonga visu vyao juu ya meza kama watu wapigavyo makofi. Alipowachukiza, walijua jinsi ya kumwonyesha. Hakuwa na chombo cha kukuza sauti. Koo lake lilipaswa kuijaza nyumba nzima yenye mamia ya watu, kwa saa nyingi, pasipo kupiga yowe. Aghalabu alisoma magazeti asubuhi, na baadaye hadithi ndefu, sura moja leo na nyingine kesho. Hadithi ya Alexandre Dumas juu ya mtu aliyefungwa kwa uongo akarudi kulipiza kisasi, Le Comte de Monte-Cristo, iliwapendeza mno, hata jina lake likawa jina la sigara.

Mwaka 1931 matajiri wa Tampa waliyaondoa majukwaa ya wasomaji, wakisema kuwa yanayosomwa hapo yanawatia watu uasi. Wafanyakazi waligoma, lakini majukwaa hayakurudi. Mahali pake paliwekwa simu ya upepo. Sisi tusemao na watu kwa chombo hicho hicho yatupasa kulikumbuka jambo hili kwa adabu. Simu ya upepo ilileta nyimbo na habari za mbali, lakini haikuweza kuulizwa swali, wala haikuweza kurudia ukurasa, wala hapakupigwa kura ya kuichagua. Wafanyakazi wale hawakukosa sauti ya kusikiliza. Walichokosa ni sauti waliyoichagua. Katika Kuba kwenyewe desturi haikufa, na hata leo wako wasomaji wanaopanda jukwaani katika viwanda vya sigara.

Sasa tuje kwa sauti iliyonaswa. Thomas Edison alitengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, na mwaka uliofuata aliandika orodha ya matumizi aliyoyatazamia. Miongoni mwayo alitaja vitabu vitakavyosema na vipofu. Alikuwa na haki, lakini wakati ulikuwa bado. Mashine za kwanza zilishika dakika chache tu, na hadithi ndefu ingehitaji kabati nzima ya vyombo. Vipofu walingoja zaidi ya miaka 50.

Walikuwa na njia nyingine, nayo ni maandiko ya nukta aliyoyatoa Louis Braille mwaka 1829, yasomwayo kwa ncha za vidole. Njia hiyo ni hazina, wala hakuna sauti iwezayo kuchukua mahali pake, kwa maana humwezesha kipofu kuandika na kusoma mwenyewe. Lakini mtu apofukaye ukubwani, mwenye vidole vilivyokomazwa na kazi, aghalabu huona taabu kuyajua. Vita vya mwaka 1914 hata 1918 viliwarudisha askari wengi makwao bila macho. Mmoja wao alikuwa Ian Fraser, aliyepofushwa kwa risasi katika vita vya Somme mwaka 1916, naye baadaye akawa mkuu wa chama cha St Dunstan's kilichowatunza askari vipofu wa Uingereza. Yeye alishikilia kuwa lazima ipatikane sahani ya santuri itakayozunguka polepole na kushika maneno mengi.

Marekani walitangulia. Mwaka 1934 vitabu vya kwanza vilivyonaswa kwa ajili ya vipofu vilianza kutolewa huko, kila upande wa sahani ukichukua yapata robo saa. Uingereza ilifuata mwezi wa Novemba 1935. Sahani za Waingereza zilizunguka polepole zaidi, zikashika yapata dakika 25 kwa kila upande, hata hadithi ya kawaida ikaenea katika sahani 10 hivi. Miongoni mwa vitabu vyao vya kwanza kulikuwa na hadithi ya Agatha Christie juu ya mauaji ya Roger Ackroyd, na hadithi ya Joseph Conrad juu ya chombo kilichopatwa na tufani.

Si wote waliofurahi. Wako walimu walioogopa kuwa vipofu wataziacha nukta za Braille. Na Helen Keller, mwanamke mashuhuri aliyekuwa kipofu na kiziwi, alipoombwa kusaidia kukusanya fedha za kununua mashine hizo, kwanza alikataa. Watu mamilioni walikuwa hawana kazi wakati ule, naye aliona kuwa santuri ni anasa iwezayo kungoja. Tusimlaumu, yeye mwenyewe asingeweza kusikia hata neno moja la vitabu hivyo, na alikuwa akiwafikiri wenye njaa. Lakini baadaye aligeuza rai yake akaisaidia kazi hiyo, na kuanzia mwaka 1935 serikali ya Marekani iliwapa watu wasio na kazi ajira ya kutengeneza mashine zile. Zaidi ya 20,000 zilitoka mikononi mwao. Hivyo haja mbili zilikutana: mwenye njaa alipata ujira, na kipofu alipata kitabu.

Hapo ndipo swali la zamani liliporudi kwa nguvu: kitabu kisomwe namna gani? Je, msomaji aigize kama Dickens, au asome kwa utulivu na kuyaacha maneno yafanye kazi yao? Wako waliotaka sauti nyingi na vituko. Lakini wasikilizaji wengi vipofu walisema kuwa wao hawataki mchezo wa kuigiza, wataka kitabu. Aonaye hukipata kitabu bila mtu wa kumwonyesha mahali pa kulia na mahali pa kucheka. Kwa nini kipofu afanyiwe hivyo? Neno hili lina heshima ya mtu ndani yake. Msomaji aongezaye mno humnyima msikilizaji haki ya kufasiri mwenyewe.

Katika wasomaji wa zama zile aliyesifiwa kuliko wengi ni Alexander Scourby. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1913, na wazazi wake walitoka Uyunani. Alikuwa mchezaji wa tamthilia, na watu waliomwona katika sinema walimjua kwa sauti yake nzito iliyotulia. Mwaka 1937 alianza kuwasomea vipofu, na hakuiacha kazi hiyo hata karibu na kufa kwake mwaka 1985. Alisoma vitabu zaidi ya 400, pamoja na Biblia nzima ya Kiingereza ya King James. Katika siku za kwanza sauti ilichorwa moja kwa moja juu ya sahani. Msomaji akikosea neno moja, upande mzima ulianzwa upya. Kwa hiyo mtu aliyeweza kusoma robo saa bila kujikwaa, na bila kusikika kuwa anaogopa kujikwaa, alikuwa na thamani kubwa.

Je, kulikuwa na nini katika usomaji wa namna hiyo hata ukapendeza? Twaona mambo manne.

La kwanza ni pumzi. Sentensi ndefu ni kama njia ya kupanda mlima. Asiyeitazama mbele hukwama katikati. Msomaji mwema huyatanguliza macho yake mbele ya ulimi wake, hujua sentensi itaishia wapi, naye huigawanya pumzi yake ili neno lenye maana lipate nguvu yake. Msikilizaji hajui kuwa hilo limefanyika. Aona tu kuwa ameelewa.

La pili ni kiasi. Wanapozungumza mzee na kijana, au mwanamume na mwanamke, msomaji wa namna ya Scourby hakubadili sauti yake yote. Alibadili mwendo kidogo, au uzito kidogo, ikatosha. Mwanamume akijitia kuiga sauti ya mwanamke kwa kubana koo, msikilizaji humsahau mwanamke wa hadithini akamfikiri mwanamume abanaye koo.

La tatu ni maarifa. Jina la mji likitamkwa vibaya, mwenye kuujua mji huo hutoka katika hadithi, na kumrudisha ni kazi. Kwa hiyo msomaji hujitayarisha kabla ya kukaa mbele ya chombo, huuliza, hutafuta, na kitabu hukisoma chote kwanza, ili ukurasa wa kwanza asiusome kama mtu asiyejua siri ya ukurasa wa mwisho.

La nne ni uthabiti. Kitabu kirefu huchukua saa 10, au 20, au zaidi. Sauti ya Jumatatu lazima iwe sauti ya Ijumaa. Msikilizaji akaaye peke yake usiku huishi na sauti ile siku nyingi. Huwa kwake kama jirani. Sauti ya madaha hufurahisha kwa nusu saa, kisha huchosha.

Kwa kipimo hiki twaweza kuwaamua Dickens na Scourby pasipo kumvunjia heshima mmoja wao. Dickens alisoma saa mbili, mbele ya watu waliomwona, katika mkusanyiko ambamo kicheko cha mmoja huamsha cha mwingine. Scourby alisomea mtu mmoja asiyemwona, kwa siku nyingi. Chakula cha karamu si chakula cha kila siku, wala mpishi wa kimoja si lazima awe mpishi wa kingine.

Mambo yaliyofuata yameithibitisha hoja hii. Mwaka 1952 wanawake wawili vijana wa New York, Barbara Holdridge na Marianne Mantell, walianzisha kampuni ya santuri iitwayo Caedmon, wakamnasa mshairi Dylan Thomas akisoma maneno yake mwenyewe kwa sauti kama ya kengele. Nazo zilinunuliwa sana na watu wenye macho mazima. Kampuni ya Philips ilileta kaseti mwaka 1963. Mwaka 1975, katika California, Duvall Hecht, aliyechoshwa na mwendo mrefu wa gari kwenda kazini na kurudi, alianza kampuni ya kuazimisha vitabu vizima vilivyosomwa katika kaseti. Hivyo dereva alikuwa kama msokotaji wa Havana: mikono ina kazi, masikio yamekaa bure. Na vitabu vya Harry Potter vilipotoka, Jim Dale aliwasomea watu wa Marekani kwa sauti zaidi ya 100 tofauti katika kitabu kimoja, na Stephen Fry aliwasomea Waingereza kwa utulivu zaidi, kama mjomba asimuliaye kando ya moto. Kila mmoja ana watu wake wasiotaka kumsikia mwingine. Mtoto apenda kujua mara moja ni nani asemaye. Mtu mzima huenda akapenda kuachiwa nafasi.

Siku hizi vitabu vya sauti huchukuliwa ndani ya simu ya mkononi, na mashine yaweza kusoma kitabu kizima pasipo koo la mtu. Wako wanaoikataa kabisa. Sisi twaona afadhali tukumbuke habari ya Helen Keller kabla ya kuhukumu. Kipofu atakaye kusoma leo kitabu ambacho hakuna mtu aliyekisoma, sauti ya mashine kwake ni bora kuliko kimya. Lakini yafaa tukumbuke na habari ya Tampa. Sauti isiyogharimu kitu ikiwekwa mahali pa sauti iliyochaguliwa, na wasikilizaji wasiulizwe, jambo limepungua, hata kama kelele imezidi. Mashine yaweza kutamka kila neno sawasawa. Bado haijaketi usiku na kitabu kwanza ili ijue mahali pa kunyamaza.

Kiswahili ni lugha iliyokaa sikioni kabla ya kukaa katika chapa, na vitabu vyetu vingi bado vyangoja sauti. Hapahitajiwi chumba cha fahari wala chombo cha bei. Palipo na mzee ambaye macho yake yamepungua nuru, na kijana ajuaye kusoma, kazi yaweza kuanza jioni hii. Kijana na amwulize mzee ataka kitabu gani, akisome kwanza peke yake, kisha akae karibu asome polepole, asiigize mno, na asikimbie. Mzee akisema, "Hebu rudia hapo," arudie kwa furaha, kwani hilo ndilo neno ambalo wasokotaji wa Tampa hawakuweza tena kuliambia sanduku lililowekwa mahali pa jukwaa lao.